Rili ya tano haipo

Mezani kwangu kuna kidude cha bati cheusi, kinaenea kwenye kiganja, na ndani yake umo mkanda wa filamu wa milimita 9.5, mita ishirini hivi, ule mkanda wa Pathé, kampuni ya Kifaransa, ambao matundu yake yako katikati, kati ya picha na picha, sio pembeni kama mikanda mingine. Juu ya bati mtu fulani zamani alikwangua namba 3 kwa msumari. Sina namba 1, sina 2, sina 4. Nilichonacho ni dakika mbili na ushee za mwanamke aliyekaa karibu na taa anasoma barua, anaikunja, anaikunjua tena kana kwamba maneno yatakuwa yamebadilika, anainua uso, mlango unaanza kufunguka, mkanda unakwisha. Nani kaingia? Mi nimeangalia hiyo kitu labda mara mia mbili sasa na kila mara mlango ukianza kusogea nainama mbele kama mjinga.

Aliyeniuzia alitangaza kwamba ni vichekesho, tena "kamili". Nilikasirika siku moja. Siku ya pili nilikuwa nshampenda (huyo mwanamke, sio muuzaji).

Ngoja niwaeleze kidogo kuhusu mikanda hii maana ina ujanja mmoja naupenda sana. Pathé walianza kuuza projekta yao ya nyumbani, Pathé-Baby, mwishoni mwa 1922, na mkanda ulikuwa ghali, sasa filamu kimya si unajua zina zile kadi za maneno katikati, na kadi moja ili mtu aisome inataka ikae sekunde kadhaa, hizo ni fremu, yaani picha moja moja za mkanda, nyingi sana za kupoteza kwa picha ambayo haisogei. Basi wakafanya hivi: maneno yanawekwa kwenye fremu chache tu, halafu pembeni ya mkanda wanakata kipengo kidogo. Kipengo kikipita kwenye projekta kinagusa kidude fulani ndani, mkanda unasimama wenyewe, watu sebuleni wanasoma, halafu unaendelea. Mi nilipouskani wangu kwa mara ya kwanza skana haijui habari za vipengo, ikapita tu, na kwenye kompyuta nikaona kama mmweko mweusi, kitu kimepita, nikadhani ni mkanda umeharibika. Nikairudia usiku ule fremu moja moja. Kumbe ni sentensi nzima ya Kifaransa, fupi, barua ile inasema harudi tena.

Harudi tena. Na mlango unafunguka.

Sasa watu huniuliza, si bora utafute filamu nzima uangalie kwa raha zako? Zipo nyingi mtandaoni, bure, zimesafishwa, zina muziki. Kweli zipo na naziangalia. Lakini filamu nzima imeshamalizana na mimi, ikiisha tunaagana. Na iliyopotea yote, ile ambayo hata fremu moja haikubaki, hiyo mi naiona kama uvumi, unasimuliwa sifa za mtu ambaye hutamwona kamwe, unasikitika kwa adabu tu. Ila hii nusunusu ndo inayomtesa mkusanyaji, kwa sababu pengo lake lina mipaka. Unajua kabisa filamu ilikuwa na rili sita, yaani magurudumu sita ya mkanda, unazo nne, zilizokosekana ni ya tano na ya pili, rili ya milimita 35 ni futi elfu moja hivi, dakika kumi mpaka kumi na tano kutegemea spidi. Yaani ni deni lenye hesabu. Deni lisilo na hesabu mtu analisamehe, lenye hesabu halikuachi ulale.

Na hesabu zenyewe za jumla zinauma. Mwaka 2013 Library of Congress, maktaba ya taifa ya Marekani, walitoa ripoti ya mtafiti David Pierce: filamu ndefu kimya zilizotengenezwa Marekani kati ya 1912 na 1929 ni 10,919, na zilizobaki kwa namna yoyote ile ni 3,311 tu. Humo ndani, kama 1,575 ndo zipo nzima kwenye umbo lake halisi la milimita 35, zingine ni nzima ila ni matoleo ya nchi za nje au mikanda midogo ya nyumbani. Halafu kuna kundi la mwisho ambalo kwenye ripoti yoyote ile watu wanalipita haraka: 562. Hizo ni pungufu. Zina rili imekosekana, au zimekatwakatwa. Mi nikisoma 562 nasikia kama mtu ananihesabia milango inayoanza kufunguka.

Kilichoziharibu mnakijua wengi, ni nitreti. Mkanda wa zamani ulitengenezwa kwa selulosi nitreti, unawaka vibaya sana, ukishashika moto unajitengenezea oksijeni wenyewe kwa hiyo hata ukiuzamisha kwenye maji unaendelea kuungua. Ghala la studio ya Fox kule Little Ferry, New Jersey liliteketea Julai 1937 na likaondoka na sehemu kubwa ya kazi zao za enzi ya kimya, ndo maana Theda Bara aliyecheza filamu kama arobaini leo tunamjua zaidi kwa picha za mnato kuliko kwa filamu. Na hata usipowaka unaoza: picha inafifia, mkanda unanata, unatoa mapovu kama asali iliyochacha, unagandamana kuwa kitu kimoja kama keki, mwisho ni vumbi la kahawia. Lakini mi nasema moto na kuoza tunavisingizia mno. Nyingi ziliuliwa kwa makusudi na wenyewe. Sauti ilipoingia, filamu kimya ikawa mzigo unaokula nafasi ya ghala na bima ya moto, na kwenye mkanda kuna fedha, yaani madini ya fedha kabisa, unaweza kuyeyusha ukauza. Mla ni mla leo, mla jana kala nini. Studio ya Universal mwaka 1948 walizitupa filamu kimya zilizobaki kwao, hivyo tu, kazi ya miaka na miaka.

Sasa kwa nini zingine zilibaki nusu? Kwa sababu rili haziozi pamoja. Kila moja iko kwenye kopo lake, moja imeingiwa na unyevu, ya pembeni yake ni safi kama jana. Au kopo moja liliazimwa likasahaulika. Au filamu ilizunguka mpaka mwisho wa dunia na studio ikaona nauli ya kuirudisha inazidi thamani yake, ikaachwa hukohuko. Ndo yaliyotokea Dawson City kule Yukon, Kanada, mwaka 1978 walipochimba wakakuta rili 533 zimefukiwa kwenye bwawa la kuogelea la zamani ambalo juu yake walikuwa wanachezea hoki ya barafu. Baridi ilizitunza. Nyingi zina madoa meupe ya maji yanayocheza pembeni ya picha, na nyingi ni kipande tu, rili moja ya mwanzo, mbili za katikati, mwisho hamna.

New Zealand vilevile, na hapa ndo nataka nikae kidogo maana hii filamu inanihusu kama ndugu. The White Shadow, ya 1924, Uingereza, mwongozaji Graham Cutts, na msaidizi wake aliyefanya karibu kila kitu, maandishi, mapambo, uhariri, alikuwa kijana anaitwa Alfred Hitchcock, yule aliyekuja kuwa mwongozaji maarufu. Mwaka 2011 wakatangaza imepatikana kwenye hifadhi ya filamu ya New Zealand. Kopo moja lilikuwa limeandikwa tu Two Sisters, na lingine limeandikwa eti filamu ya Marekani isiyojulikana. Betty Compson anacheza mapacha, mmoja mwema, mmoja hana roho. Ilikuwa na rili sita. Zimepatikana tatu, na ni tatu za mwanzo.

Tatu za mwanzo! Hebu fikiria mateso hayo. Unatambulishwa familia yote, unaoneshwa nani mbaya nani mzuri, kila fundo limefungwa, kila uongo umeshasemwa, halafu taa zinawashwa. Bora zingekuwa tatu za mwisho mtu angekisia zilizotangulia. Wapo wanaosema muhtasari wa hadithi upo, kwa hiyo unajua iliishaje. Ndiyo, najua iliishaje. Lakini hapo ndo watu wasioelewa ugonjwa huu wanapokosea, wanadhani tunatafuta hadithi.

Hadithi kwa kweli ndo kitu rahisi kupata kuliko vyote. Filamu za drama za miaka ile zilikuwa zinaacha makaratasi mengi: magazeti ya wenye majumba ya sinema, karatasi za muziki kwa mpiga piano, vitabu vya riwaya vilivyotolewa pamoja na filamu vikiwa na picha ndani, na jimbo la New York lilikuwa na ofisi ya udhibiti iliyodai maandishi ya kadi zote kabla ya kutoa kibali, mafaili hayo yapo mpaka leo kwenye nyaraka za jimbo mjini Albany. Unaweza ukasoma filamu iliyopotea neno kwa neno. Na tuseme ukweli, melodrama ya 1923 huhitaji mchawi kukwambia itaishaje, binti atasamehewa, tajiri ataaibika, mtoto atakutana na baba yake. Nayajua yote hayo. Ninachokosa ni uso. Alipoambiwa, alifanyaje? Aligeuka haraka au polepole? Mkono ulienda wapi? Hicho hakuna karatasi inayokiandika, kiko kwenye fremu au hakipo duniani.

Ndo maana naona ugonjwa huu ni wa drama hasa, kuliko vichekesho. Kipande cha vichekesho kinajitosheleza, mtu kateleza, kachekwa, ukiwa na dakika tatu una dakika tatu za kicheko. Drama haiko hivyo. Drama inakopa dakika hii ilipe dakika ile, inakulimbikizia. Kipande kimoja cha drama ni mtu analia na wewe hujui msiba ni wa nani. Na bado unalia naye, hicho ndo cha ajabu.

Chukua The Divine Woman ya 1928. Greta Garbo yuko kwenye kilele chake, mwongozaji ni Msweden mwenzake Victor Sjöström, na kilichobaki kwenye filamu nzima ni rili moja ya dakika tisa iliyokutwa Moscow, ikiwa na kadi za Kirusi. Garbo na Lars Hanson, mwanajeshi anayetakiwa kuondoka, wanaagana. Dakika tisa za kuagana. Mi sijawahi kuona Garbo akicheka hivyo kwenye filamu zake zingine za kimya, yaani ni msichana kabisa, anadeka, anachokoza, sio yule malkia wa barafu tuliyemzoea. Sasa kama ingekuwa filamu nzima labda kipande hicho kingepita tu, ungekisahau ukisubiri makubwa yanayokuja. Hapa hamna makubwa yanayokuja. Ni hicho tu, kwa hiyo unakitafuna mpaka mfupa.

Au The Case of Lena Smith ya Josef von Sternberg, 1929, hiyo ni dakika nne hivi, zilipatikana mwaka 2003 Dalian, Uchina, zinaonesha uwanja wa burudani wa Prater mjini Vienna, mataa, watu wanazunguka, basi. Iliyosafiri mpaka huko ilisafirije, sinema iliyotengenezwa Hollywood ikiigiza Vienna ikaishia Dalian, hiyo yenyewe ni drama.

Na The River ya Frank Borzage. Hii sitaimaliza leo nikianza. Imebaki kama dakika hamsini na tano, imekosa mwanzo, imekosa mwisho, na vipande vya katikati. Charles Farrell kaganda kwa baridi kwenye theluji, wanamleta ndani karibu maiti, na Mary Duncan baada ya kumsugua na kumfunika na kuona hamna kinachosaidia anapanda kitandani anamlalia kumpa joto la mwili wake. Kipande hicho kipo, ashukuriwe aliyekitunza. Sehemu zilizokosekana warekebishaji wameziba kwa picha za mnato na maandishi ya kueleza. Na unajua kinachotokea? Picha inakuwa inasogea, inapumua, halafu ghafla imesimama. Mtu aliyekuwa hai sasa hivi kawa picha. Wengine inawakera, mi inanisisimua kila mara, na ikirudi kusogea tena nasikia kama mtu kafufuka.

Greed ya Erich von Stroheim walijaribu hivyohivyo mwaka 1999. Alitengeneza kitu cha rili 42, saa nane hivi, studio ikaikata mpaka rili kumi ndo ikatoka 1924, na zilizokatwa hazijaonekana tena. Wakaongeza mamia ya picha za mnato ikafika kama saa nne. Hiyo nimeiangalia mara moja. Inatosha. Ni kazi ya heshima lakini picha zimezidi, inakuwa kama kuoneshwa albamu ya harusi na mtu anayekueleza kila mgeni.

Basi wakusanyaji wanafanyaje? Wananusa. Sitanii, kopo la nitreti inayooza lina harufu kali ya tindikali na ukiisikia mara moja huisahau, unafungua dirisha na unampigia mtu wa hifadhi, usiweke kitu hicho ndani ya nyumba na usijaribu kukiendesha kwenye projekta. Halafu wanasoma pembeni ya mkanda. Kodak walikuwa wanachapa pale alama ndogondogo, duara, mraba, pembetatu, zinazokuambia mkanda ulitengenezwa mwaka gani, ila zinajirudia kila baada ya miaka ishirini kwa hiyo usikimbilie kushangilia. Halafu wanaangalia kofia. Na magari. Kule Culpeper, Virginia, kwenye kituo cha filamu cha Library of Congress, mwaka 2012 walianza kufanya mikutano waliyoiita Mostly Lost, wanaonesha vipande visivyojulikana na ukumbi mzima unaruhusiwa kupiga kelele, gari hilo modeli ya mwaka fulani, yule nyuma ya baa ni mwigizaji fulani, mtaa huo naujua. Sehemu pekee duniani ambapo kuongea kwenye sinema ni adabu.

Lakini sisi wakusanyaji sio malaika, tusijipake mafuta. Wapo wenye rili ya tano ya filamu ambayo hifadhi inazo zingine zote, na hawasemi. Zamani walikuwa na sababu: nakala hazikuuzwa kwa watu binafsi, zilikuwa mali ya studio, na mwaka 1974 FBI walimvamia hata mwigizaji Roddy McDowall nyumbani kwake wakachukua mkusanyiko wake. Baada ya hapo nani angejitokeza na kopo lake? Ila siku hizi woga huo umepungua sana na bado watu wamekalia, na mi nafikiri ni kwa sababu ya lile deni, maana aliyeshika rili ya tano ndo mdai pekee, akiitoa anakuwa mtu wa kawaida tu. Na rili ya nitreti haikusubiri wewe ushibe heshima. Inaoza kabatini, siku ukiamua kuwa mwema unafungua unakuta vumbi.

Upande mwingine bila hao wakusanyaji wakaidi tusingekuwa na kitu. Beyond the Rocks ya 1922, Gloria Swanson na Rudolph Valentino pamoja kwa mara moja tu, ilihesabiwa imepotea mpaka rili zake zikaibuka kutoka kwenye makopo ya mkusanyaji mmoja wa Uholanzi aliyekuwa ameshafariki. Ikaoneshwa tena 2005. Niseme? Filamu yenyewe ya kawaida tu. Nilikuwa naiwaza miaka, nikaiangalia, nikasema haya, ni nzuri, nguo nzuri. Niliona haya kidogo kwamba niliipenda zaidi ilipokuwa haipo, na simshauri mtu afikirie hivyo maana anayesema bora zingebaki zimepotea hajawahi kufungua kopo akakuta vumbi.

Na mikanda midogo ya nyumbani kama huu wangu msiidharau. Kevin Brownlow alikuwa mwanafunzi tu mwaka 1954 alipopata rili mbili za milimita 9.5 za Napoléon ya Abel Gance, za kuangalia nyumbani, akauliza zingine ziko wapi, na swali hilo limemla maisha, kaenda akitafuta vipande mpaka leo tuna toleo lake la saa tano na nusu. Wafaransa nao wakatoa la kwao 2024, saa saba. Rili mbili tu zilianzisha hayo.

Mi sio Brownlow. Mi nina kidude namba 3. Lakini juzi usiku, kwenye mnada mmoja wa mtandaoni, mtu kaweka fungu la makopo ya Pathé, kumi na moja, mengine yana kutu, maelezo hamna, na moja limekwanguliwa 4, kwa msumari, mkono unafanana. Nimemwandikia nikamwomba anivutie mita moja ya mwanzo aipige picha kwenye mwanga wa dirisha. Kaituma leo asubuhi, imetoka na ukungu. Kuna chumba, kuna mtu kasimama, kuna taa. Nimekaa na zile fremu saa nzima nikilinganisha na zangu, na kifuniko cha taa ya kwake kina shada za nyuzi zinaning'inia chini, cha kwangu hakina.

Nimeweka dau hata hivyo. Mnada unafungwa Jumapili.